Sahani ya Khaled

Nilimnunulia Khaled sahani, naye akataka kuhama timu. Mnisamehe nikianza hivyo, lakini kila nikilipanga jambo hili kichwani ndivyo linavyokuja, na mpaka leo sijui hasira zangu nizielekeze kwa nani.

Mimi ni Mohamadi, fundi wa magari hapa Buyenzi, na kwa bahati mbaya ni rais wa timu ya Mshale. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu injini ikigoma ina sababu yake. Unafungua, unachungulia, unaona kitu kimekatika, unakitengeneza. Mchezaji akigoma utafungua nini?

Khaled ndiye mshambuliaji wetu. Ana miaka ishirini, na mguu wake wa kushoto nimeuona ukifanya mambo ambayo nikiyasimulia kule mtaa wa Rohero wananiita muongo. Msimu huu tulikuwa tunazama kuelekea daraja la pili, na yeye ndiye aliyetushika shingo tusimeze maji. Siku alipowafunga vinara wa ligi magoli matatu peke yake, nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Houda, "Huyu mutoto tumuheshimu sisi, kabla wengine hawajamuheshimu."

Houda alinijibu kwamba yeye mpira haujui, anajua wali.

Na kweli, wali wake ndio ulioijenga timu. Tuna desturi ya kula pamoja uani kwangu kabla ya mechi. Chakula kinapakuliwa kwenye sinia tatu, vijana wanakaa mikekani, Waislamu kwa Wakristo, mikono inaingia. Aliye mdogo kuliko wote ndiye anayepita na birika na beseni kuwanawisha wenzake. Mdogo wetu alikuwa Khaled, na alikuwa na maneno huyo! Akifika kwa kipa anasema, "Mikono hii hata maji haikamate, mupira itakamata namna gani?" Akifika kwangu anasema grisi yangu inataka ziwa Tanganyika nzima, si birika moja. Watu wanacheka, nyama inaibwa kutoka upande huu wa sinia kwenda upande ule, kisha tunaelekea uwanjani.

Basi, nikamnunulia sahani. Ya kauri, nyeupe, yenye maua ya buluu ukingoni. Nikamwekea kiti na meza ndogo barazani. Birika nikampa Gaël, beki wetu wa kulia, anayemfuata kwa umri. Nikasimama mbele ya timu nikatangaza kwamba kuanzia leo Khaled hanawishi mtu, kwa sababu staa hanawishi watu mikono. Houda alichagua nyama laini akaijaza ile sahani kama tunavyomfanyia mgeni wa heshima. Mgeni kwetu haachwi agombanie tonge na wenye nyumba. Anapewa chake pembeni, ale kwa raha zake. Wenzake wakampigia makofi. Khaled akatabasamu, akala robo, akasema ameshiba.

Nikamsifu kwa Houda. Nikasema, unaona, kijana ana adabu, hajajaa kiburi.

Mechi iliyofuata mpira haukumfikia. Alikimbia, akaita, akainua mkono, na pasi zikaenda kwingine. Nikamlaumu mwamuzi, kwa kuwa mwamuzi yupo kwa kazi hiyo. Wiki iliyofuata, vijana walipokuwa wanapiga kelele mikekani, nahodha wetu Aboubacar aliwanyamazisha, "We, mupunguze kelele. Kuna mugeni." Wote wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao. Khaled barazani alikuwa anaangalia maua ya sahani.

Baada ya hapo akaja gereji. Nilikuwa chini ya Probox ya mteja, naona viatu vyake tu.

"Prezida, mi nataka kwenda."

"Enda, tutaonana mazoezini."

"Apana. Kwenda kabisa. Kuna ekipe, timu ya Ngagara, iko inanitafuta. Unisainie barua ya kuniachilia."

Niliinuka kwa haraka nikagonga kichwa kwenye chesisi. Nilipotoka huko chini nikishika paji la uso, nilimuuliza amekosa nini. Akasema hajakosa kitu. Nani amemuudhi? Hakuna. Anataka nini zaidi?

"Apana kitu. Nataka tu kwenda."

Jamani, mtu aniambie. Mtu asiyekosa kitu, asiyeudhiwa na mtu, anaondoka kwa nini?

Niliita kamati. Kocha wetu, Gélase, ni mwalimu wa sekondari anayeishi Kanyosha, mtu wa taratibu, anayesema kila jambo kama analiandika ubaoni. Alisema mchezaji nyota anayetaka kuondoka ana dawa mbili tu: aachwe aende mapema kabla hajawaambukiza wenzake, au akalishwe benchi mpaka ajue kwamba timu ni kubwa kuliko yeye. Nikamuuliza, ipi kati ya hizo mbili? Akasema inategemea. Wajumbe wengine wakasema tumwombee dua. Mmoja akasema tumwoze mke. Tulitoka pale kila mtu na lake, na mimi sina langu.

Nikaanza na ukali. Dawa ya moto ni moto, nikamweka benchi. Tulifungwa, na Khaled pale benchi alikuwa mtulivu kama mtu anayesubiri basi. Nikaona ukali haufai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama. Ile meza nikaitandikia kitambaa. Kiti cha plastiki nikakiondoa nikamletea kiti changu mwenyewe cha sebuleni, ambacho hata wanangu hawakikalii. Siku za mechi wenzake wakipanda basi, yeye nampakia kwenye gari langu, mbele, tukiwa wawili, nami namsimulia wachezaji wakubwa niliowaona ujanani. Alikuwa ananijibu, "Ndiyo, Prezida," huku shingo imegeukia nyuma, analiangalia basi.

Kadiri nilivyompandisha ndivyo alivyozidi kuomba barua. Nampa kiti, anaangalia mlango! Usiku nilikuwa sipati usingizi. Nilikuwa nampenda yule kijana, niseme wazi, nilimpenda kama wa kwangu, na sikujua nimemfanyia nini.

Nikaenda kwa mama yake, Bi Mwanasiti, mtaa wa nyuma ya msikiti. Nilifikiri labda kijana anaumwa. Nikamwambia kwangu hali chakula, anakigusa tu. Mama akashangaa.

"Khaled huyu? Hapa kwangu anakula mupaka anamalizia wadogo wake nyama. Wanakula wote sinia moja, kila siku mi namupiga kwenye mukono."

Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nikamwambia Houda pengine chumvi yake imezidi siku hizi. Kwa neno hilo nilinyimwa chai.

Ikafika Jumapili ya mwisho wa ligi. Tukishinda tunabaki, tusiposhinda tunashuka. Khaled alikuwa ameshaniambia mbele ya Gélase: barua isiposainiwa kabla ya mechi, jezi haivai. Ikisainiwa, atacheza mechi hii ya mwisho na kesho yake ataamkia Ngagara. Gélase alisema ni haki, nisaini, tupate angalau mechi moja. Nikamwambia asante, lakini moyoni nilitaka kumrushia spana.

Wakristo wetu walifika kutoka misani, wakavua viatu vya kanisani wakakaa. Khaled alikuwa barazani kwenye kiti changu, mkoba wake katikati ya miguu kama mtu aliye kituoni. Akaingia Dieudonné, mjumbe wa ile timu ya Ngagara, shati limepigwa pasi, mpole sana, salamu kwa kila mtu. Sikupata kasoro ya kumchukia, na hilo likaniudhi zaidi. Alitoa barua akaiweka juu ya meza ya Khaled, kando ya kitambaa.

"Hatuna haraka, Prezida. Ni sinyatire moja tu, usaini hapa."

Nikatoa kalamu. Houda naye ndio akaja na ile sahani, nyama imepanda juu kama kilima. Akaiweka. Khaled akaisogeza kwa kidole, polepole, mpaka ukingoni mwa meza.

"Mama, unisamehe. Sitakula."

Hapo nililipuka. Niliyoyavumilia yote yalipanda kwa pamoja.

"Umekataa chakula cha muke wangu? Mbele ya wageni? Nimekupa kiti changu, nimekupa gari langu, na bado unanuna kama mukwe! Sasa nisikilize. Hautaki kuwa staa, usikuwe! Shuka hapo. Kamata birika. Nawisha watu hawa wote, mumoja mumoja, mi nikuone. Ukimaliza nitasaini, uende!"

Sitadanganya, nilikusudia kumwaibisha. Nilitaka yule bwana wa Ngagara aone kwamba anachokuja kukichukua kwa shati la pasi ni kijana wa kushika beseni. Gélase aliinamisha kichwa, maana aliona nimeua timu kwa mdomo wangu.

Khaled aliinuka. Akashuka barazani, akavua viatu. Gaël alimkabidhi birika upesi, kama mtu aliyekuwa amebebeshwa mzigo usio wake. Khaled akapiga goti mbele ya kipa, akammwagia maji. Maji yalikuwa yanaanguka kwenye beseni, basi.

Kisha nikamsikia, kwa sauti ya chini, "Mikono hii... bado haikamate hata maji?"

Kipa akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akamwaga yote. Wakacheka wa pembeni yake, wakacheka wa mkeka wa pili. Khaled akafika kwa nahodha. Aboubacar hakucheka. Alikunja mikono kifuani.

"Mi nilizani we uko mutu mukubwa sasa. Unakula juu, unapanda motokari ya Prezida."

"Nani aliniuliza?" Khaled akasema. "We uliniuliza? Kuna mutu hapa aliniuliza kama nataka?"

Aboubacar akanyoosha mikono yake miwili, na Khaled akamnawisha taratibu, mpaka kwenye viwiko, ingawa hakuna anayenawa viwiko kwa ajili ya wali.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliinua birika akaniambia, "Prezida, grisi hii. Ziwa lenyewe litakauka." Nilitaka kumjibu kitu kikali, kwa kuwa bado nilikuwa nimekasirika, au nilidhani nimekasirika. Nikanyoosha mikono tu. Nilikuwa na aibu na furaha kwa wakati mmoja, na sikuelewa hata moja kati ya hizo imetoka wapi. Nilikuwa nimempa adhabu, na yeye anaipokea kama zawadi ya Idi!

Dieudonné alikuwa bado amesimama barazani na barua yake. Khaled akamwendea, akamnawisha kwa adabu zote bila utani, akamkalisha kwenye kiti changu cha sebuleni. Kisha akaivuta ile sahani ya maua kutoka ukingoni mwa meza, akaiweka katikati, mbele ya Dieudonné.

"Karibu sana," akasema. "Mama, mugeni wetu ni huyu. Mumuongezee nyama."

Akashuka, akajipenyeza kati ya Aboubacar na Gaël, akatia mkono kwenye sinia. Tonge la kwanza tu, akamwibia Gaël mfupa. Gaël akampiga mkono.

Nilibaki nimesimama na kalamu. Nilimtazama Gélase anieleze, yeye ndiye mwalimu. Akasema inategemea.

"Na barua, Prezida?" Dieudonné akauliza kwa upole uleule.

Nikamgeukia Khaled. "We, mutu anaulizia barua."

"Prezida, kalamu hailiwe," akasema, mdomo umejaa. "Kuja kula, wali itapoa."

Nikakaa. Walinisogezea nafasi, goti kwa goti, na mkono wangu ukakutana na mikono mingine kumi katika sinia ile.

Barazani Dieudonné alikula peke yake, kitambaa mbele yake, nyama laini imejaa. Kila tulipocheka alikuwa anainua macho kuona tunacheka nini. Alikula robo, akasema ameshiba.