Pumzi Ngumu ya Wabwile

Nasimiyu hutengeneza regureta zinazodhibiti gesi katika mitungi ya kuchomelea vyuma mjini Kitale, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kilichofungwa asikifungue. Kwa hiyo mdogo wake Wabwile, mpiga mbizi anayeitwa kila mara mtu anapozama katika mabwawa ya huko kwao, alipomletea vidomo viwili vya kupumulia majini, alifurahi kupita kiasi.

"Dada, hiki cha zamani kinanichosha. Nifungie hiki kipya kwenye mtungi wangu wa hewa. Kesho asubuhi naingia bwawa la Kiminini."

Akavifungua vyote viwili. Katika cha zamani, springi nene ilipambana peke yake na hewa iliyosukuma vali. Katika kipya, vali ilikuwa na tundu. Hewa ilipenya ikaisukuma na kwa nyuma pia, basi springi nyembamba ilitosha. Ujanja huo ulimpendeza hadi akacheka peke yake.

Lakini hewa ikipungua mtungini, je? Akajaza pipa maji, akatumbukiza uso, akavuta pumzi kwa kidomo hiki, kisha kile, huku akipunguza hewa ya mtungi kidogo kidogo. Wapita njia walimwona kama aliyerukwa na akili. Shauri yao. Mtungi ulipokaribia kwisha, kile cha zamani kilimtoa jasho, maana springi nene iliishinda hewa iliyobaki, akavuta kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Kipya kilibaki laini vile vile, laini, laini, kisha hewa ikakatika ghafla.

Akainua uso, maji yakimchuruzika shingoni.

"Wabwile, huko chini unajuaje hewa inaisha?"

"Si pumzi inakuwa ngumu."

"Na geji ya kupimia hewa?"

"Geji gani, bana? Kwa hayo matope hata kidole changu sikioni. Nikivuta ikikataa, najua ni saa ya kupanda."

Nasimiyu aliogopa, akakaa chini. Kwa miaka minne, mdogo wake alikuwa akiishi kwa kipimo hicho kimoja, na yeye, kwa kumpenda, nusura amnyang'anye.

Akasafisha kile cha zamani, akakifunga.

"Ati hicho hicho?" Wabwile akalalamika. "Si nimekuambia kinachosha?"

"Umeniambia," akasema Nasimiyu, akikaza nati ya mwisho. "Nataka kikuchoshe ungali na hewa ya kupanda."