Bi Alima Kwenye Chumba cha Mionzi

Bacar alipopiga simu Palma kusema kwamba mkewe, Ancha, ameanza kuchomwa mionzi Dar es Salaam, mama mkwe wake, Bi Alima, alilishika neno moja tu: kuchomwa. Aliwahi kuiona nyumba yake ikiteketea, mwaka ule wapiganaji walipoushambulia mji wao, akakimbilia porini na kanga aliyojifunga. Hakuuliza zaidi. Asubuhi yake alikwenda kwenye kivuko cha Namoto, akavuka mto Ruvuma ulio mpakani, akapanda basi la Dar es Salaam.

Ancha alikuwa na saratani ya koo. Bi Alima alimkuta amekonda, sauti imekauka, ngozi ya shingo imeanza kuwa nyeusi. Akamgeukia mkwewe. Kwa desturi yao walikuwa wakiheshimiana kwa mbali; tangu ndoa hawakuwahi kukaa benchi moja. Siku hiyo desturi ilimshinda.

"Bacar, mimi nilikupa mke. Sikukupa kuni."

"Mama, madaktari wanasema ndiyo dawa," Bacar alisema, kichwa chini.

"Na wewe umeiona hiyo dawa?"

Bacar akageuka kumtilia Ancha maji.

"Basi nitaiona mimi."

Kesho yake alimwomba mtaalamu wa mionzi, dada mmoja mpole, amruhusu aone. Dada alimtazama Ancha kwanza, Ancha akakubali.

Walimlaza kwenye kitanda chembamba, wakamvika kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa kwa sura yake mwenyewe, kisha wakakibana kitandani. Mikono ya Bi Alima ilitaka kukibandua.

"Mnamfungia nini?"

"Asisogee, mama. Mionzi ipige palepale penye uvimbe."

Wakatoka wote, mlango mzito ukafungwa. Katika chumba cha nje kulikuwa na skrini, na ndani ya skrini Ancha, mdogo, hana mtu.

"Hata maiti hatumwachi peke yake," Bi Alima alisema.

Dada akasita, kisha akabonyeza kitufe. "Sema naye, mama. Anakusikia."

Bi Alima akainama. "Ancha, mwanangu. Niko huku nje. Nakuona."

Mkono wa Ancha ukainuka. Dada akaruka kitini, kwa maana mgonjwa akiinua mkono ni kwamba kuna tatizo. Wakakimbilia ndani, wakamfungua.

"Hakuna kitu," Ancha alisema kwa sauti yake ya mikwaruzo. "Nilikuwa namjibu mama."

Wakaanza upya. Bi Alima alisubiri moto. Hakuona moto wala moshi. Mashine ilizunguka taratibu, ikilia kama nyuki walio mbali, na kabla hajamaliza dua yake, kazi ilikuwa imekwisha.

"Inauma?" alimuuliza bintiye.

"Mle chumbani siisikii, mama. Baadaye ndiyo koo linawaka. Hata mate hayamezeki."

Nje, Bacar alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mabomba ya maji. Bi Alima akaketi kando yake, benchi hilohilo.

"Unamleta kila siku, na hujaingia hata mara moja?"

"Siku ya kwanza nilikiona kile kinyago mezani, kina uso wa Ancha," Bacar alisema. "Miguu ikanikatalia, mama. Naogopa."

Siku zote hizo Bi Alima alimdhania ana moyo mgumu.

"Kesho tutaingia sote," akasema.

Wakaingia. Bacar alisimama mbele ya skrini macho yakiwa sakafuni, na Bi Alima akawa anamsimulia polepole: sasa wametoka, sasa inazunguka, ametulia mkeo. Ilipokaribia mwisho Bacar akainua macho, akatazama mwenyewe.

Matibabu yalipokwisha walirudi Palma. Kwa muda mrefu Ancha aliishi kwa uji mwepesi. Sauti ilirudi, nzito kuliko ya zamani. Walipokwenda kupimwa tena, daktari alisema uvimbe umesinyaa sana, ila lazima aendelee kuangaliwa.

Wanawake wa mtaani huja kumuuliza Bi Alima kama kweli kule watu huchomwa. Yeye humwita Bacar waeleze pamoja, wakikatizana maneno, mpaka Ancha awaambie wamwachie na yeye aseme.