Swali la Ernoul Mtia Rangi

Katika mji wa Arras kila fundi alijiona mshairi, na Ernoul, mtia rangi vitambaa, alijiona kuwapita wote. Alikuwa ametunga nyimbo thelathini. Waliozisikiliza hadi mwisho walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa kiziwi.

Siku ile ya mashindano hakujali taji la chama cha washairi, au ndivyo alivyojidanganya. Alimtaka Heluis, mjane mpika pombe, aliyemwambia, "Jibu langu utalipata baada ya mashindano." Sasa Heluis alikuwa amekaa benchi la mbele, kakunja mikono.

Sheria ilikuwa hii: mmoja huimba swali la mapenzi lenye pande mbili, mpinzani huchagua upande autakao, na muulizaji hulazimika kutetea uliobaki. Ernoul alilipika swali lake wiki nzima.

"Bwana Wibert, mjane aolewe na nani: mwimbaji hodari, au asiyejua kuimba ila anapenda kwa dhati?"

Masikioni mwa Ernoul, Wibert, mwuza divai, alikuwa na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hakuwa na shaka kwamba angechagua upande wa wenzake wasiojua kuimba, amwachie yeye wa mahodari.

"Nachukua hodari," akajibu Wibert. "Ndugu yangu, nikunyang'anye upande wako kweli?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ernoul akatafuta japo jicho moja la huruma, asilipate. Kumbe mji mzima ulijua kwamba hajui kuimba, ila mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikichimba wiki nzima.

Aibu ikamchoma hadi masikioni, lakini akaimba. Akaimba jinsi kuku wa jirani walivyoacha kutaga tangu aanze mazoezi, na padri alivyomsihi asiitikie zaburi. Akakiri kwamba nyimbo zote thelathini zilisifu mikono ya Heluis kuwa myeupe kama theluji, ilhali ni myekundu kwa maji ya moto, na yake mwenyewe ni ya bluu hadi viwikoni, na mikono hiyo myekundu ndiyo aipendayo. Hakuna aliyecheka.

Waamuzi wakamvika Wibert taji. Ernoul akamwendea Heluis, kichwa chini.

"Nyimbo zote hizo, baba, na wa leo ndio wa kwanza niliousadiki," akasema Heluis. "Jumapili twende tukamwone padri."

Ernoul akasahau aibu yote papo hapo. "Basi nitunge wimbo wa harusi!"

"Ataimba Wibert," akasema Heluis, akamshika mkono wake wa bluu.