Karatasi Thelathini Koponi

Kitanda cha tatu kilikuwa kimeshafika mlangoni, miguu mbele, wapagazi wawili wamekikamata, nilipoingia kumjulia hali mpwa wangu. Nilikuwa natoka safari, mfuko bado begani. Yeye ni mkunga, na chumba kile cha kuzalia kilikuwa chini yake.

"Wanawake sitini kwa mwezi," meneja wa hospitali alikuwa akimweleza. "Wastani, wawili kwa siku, na kila mmoja hukaa na kitanda siku nzima. Vitanda viwili vinatosha. Hiki kinakwenda wodi ya wanaume."

Wakunga walimwita Bwana Wastani, nyuma ya mgongo wake lakini.

"Juzi mama amejifungulia sakafuni," mpwa wangu alisema.

"Bahati mbaya hiyo."

"Basi tuipime hiyo bahati. Shikamoo Mjomba, weka mfuko chini, nina kazi na wewe."

Alikata karatasi thelathini, akaziandika tarehe, moja mpaka thelathini, akazitia kwenye kopo tupu la maziwa. Kila karatasi nitakayochomoa ni mama mmoja na siku yake ya kujifungua. Nichomoe mara sitini, yeye aandike.

Nilichomoa. Karatasi zilipokwisha nikazirudisha zote, nikaanza tena. Hesabu ikaja: kila siku wawili, hakuna iliyozidi wala kupungua.

"Nilisema nini?" meneja akacheka.

Mpwa wangu alinitazama. "Mjomba, ukishachomoa karatasi, unairudisha hapo hapo?"

"Niirudishe ya nini? Imeshatoka."

"Mjomba wangu, hapo umewapangia zamu. Kina mama hawapangiani. Anayeshikwa na uchungu leo haulizi kama mwenzake kashatangulia."

Nikaanza upya: chomoa, taja, rudisha, tikisa. Tarehe saba wakaja watano. Tarehe kumi na tisa hakuja mtu. Siku zenye watatu au zaidi zilikuwa kumi.

"Umebahatisha, mzee," meneja alisema.

"Chomoa wewe," nikamsukumia kopo.

Alichomoa mwezi mzima kwa mkono wake. Siku tisa zenye watatu au zaidi. Akarudia, kumi na moja. Akarudia, nane. Mpagazi mmoja alikuwa ameshakaa kitandani. "Bosi, kinatoka au kinaingia? Mabega haya hayana spea."

"Siku moja katika kila tatu," mpwa wangu alisema taratibu, "mtu atakosa kitanda. Hata vikibaki vitatu, siku kama nne hivi kwa mwezi hatutatosha."

Nimewaona mafundi wengi katika kuzurura kwangu, wa injini, wa saa, wa mifupa. Sijamwona mwingine aliyemshinda mkubwa wake kwa kopo, tena bila kupandisha sauti, na akamwachia nafasi ya kuona mwenyewe.

Meneja aliitazama ile orodha mpaka nikadhani amelala. "Kirudisheni," aliwaambia wapagazi.

Kitanda kilibaki. Cha nne kiliombwa, kikaja baada ya miaka miwili. Meneja alihamishiwa hospitali nyingine. Mpagazi mmoja alistaafu, wa pili bado yupo. Mpwa wangu sasa anafundisha wakunga. Mimi niliondoka asubuhi iliyofuata siku ile ya kopo.