Kilemba cha Philippina

Jumanne saa nne asubuhi Orlien alikuwa chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, Amsterdam, akikoroga wanga wa muhogo wa kukazia kitambaa kwenye beseni. Tangu akiwa kwao Paramaribo kazi yake ni kukunja angisa, vilemba vya wanawake wa Suriname. Kila mkunjo una neno lake. Enzi za utumwa wanawake walipashana habari kwa vilemba, bwana shamba akapita pale pale asiambulie kitu.

Cha leo kilikuwa cha bibi yake, Philippina. Alipewa na Serafina, mati wake, yaani mwanamke aliyependana naye na kulala naye kitanda kimoja miaka thelathini. Mke wa hakimu wa Kiholanzi akakibeba, kikavuka bahari, kikaandikwa kuwa mvaaji hajulikani. Orlien alikubali kuja kukikunja kwa sharti moja: jina la bibi yake liandikwe.

"Na la Serafina," alisema Gerda, mati wake Orlien, mkononi ana pini. "Usilegee, mama."

"Nilegee mimi? Labda huu wanga."

Orlien alipochomeka pini ya mwisho, kilemba kikakohoa.

"Mimi Philippina," kikasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kugombana sokoni. "Hiki kanipa Serafina wangu siku yangu ya kuzaliwa. Yule mke wa hakimu hakuniomba. Mwizi mkubwa!"

Annelies, mtunza vitu wa jumba, akachukua kalamu. "Polepole, tafadhali. Serafina ni dada yako?"

"Dada! Dada gani anionee wivu hata kwa padri?"

Gerda alicheka mpaka akaketi. Annelies aliandika kurasa tatu, akazisoma kwa sauti, kilemba kikamsahihisha mahali pawili.

Baada ya mwezi ikaja barua. Kamati ya jumba inashukuru, ila maneno ya kitu chenyewe hayatoshi mpaka ukoo wa hakimu uliokitoa uyathibitishe. Orlien alilia jikoni kwa hasira, wala hakujificha.

Siku ya ufunguzi walikwenda na magauni yao ya koto, yale mapana ya Kisuriname, yamepigwa pasi yakasimama. Kilemba kilikuwa ndani ya kioo, kinataja majina mawili bila kupumzika. Chini yake kibao kilisema: "Kilemba, Suriname. Zawadi ya ukoo wa hakimu. Mvaaji hajulikani. Huongea. Wageni wanaombwa wasikijibu."

"Shikamoo, bibi," alisema Orlien.

Mlinzi akamwonyesha kibao kwa kidole.