Maji ya Nanasi kwa Ng'ombe wa Ndama Tisa

Ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya koito, sherehe ya kuposwa kwa Joan, alikuwa amezaa ndama tisa, na hakuna mtu pale Silibwet ambaye hakulijua hilo. Alikamuliwa miaka kumi na mitatu, akasomesha watoto watatu kwa maziwa yake, na sasa nyama yake ilining'inia kwenye kivuli cha jikoni, nyekundu iliyokolea, yenye nyuzi nene kama kamba ya kufungia ndama.

"Hiyo ukianza kuitafuna leo, utaimeza Jumanne," alisema Kiplangat.

Kiplangat alikuwa kaka wa marehemu mume wa Rodah, mama yake Joan na mwenye ng'ombe. Yeye ndiye angesimama mahali pa baba wa Joan siku hiyo, wakati watu wa upande wa mwanamume wangekuja kuposa na kukubaliana kuhusu mahari. Tangu mwanzo alitaka koito ifanyiwe kwake, ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ya mawe yenye uwanja mpana. Rodah alikataa. Joan amezaliwa hapa, alisema, amelelewa hapa, na ataombwa hapa. Walivutana wiki mbili nzima, hadi Kiplangat akalegea, lakini akatoa sharti mbele ya ukoo wote: wageni wakirudi kwao wakinung'unikia chakula, harusi yenyewe itafanyiwa kwake, na Rodah atakuja kama mgeni mwingine yeyote.

Rodah alikubali, kisha akakosa usingizi. Hakutaka makubwa. Alitaka tu siku ya harusi binti yake atokee kwenye mlango ule ambao baba yake aliupachika kwa mikono yake mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kufa. Kiplangat alipojitolea kuleta fahali mchanga wa kuchinjwa, Rodah alimshukuru na kumkatalia, maana alijua fahali akiwa wa shemeji, sherehe nayo itakuwa ya shemeji. Akamtoa ng'ombe wake mzee. Halafu akaenda kumtafuta Jentrix Amolo.

Jentrix alichoma nyama pale senta, kando ya duka la mbolea, kwenye pipa lililopasuliwa katikati na kutandikwa wavu. Alikuwa binti wa mzee Oketch, mtu wa upande wa ziwani aliyefanya kazi ya kiwandani miaka mingi, na alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi kwenye shamba kubwa la chai huko Kericho. Kipsigis chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha watoto wengi wa majirani zake. Kule alikolelewa, nyama iliyonunulika ilikuwa ya ng'ombe kama huyu wa Rodah, waliostaafu kukamuliwa. Mama yake aliuza matunda sokoni. Yaliyopondeka hayakupata mnunuzi, basi aliyabeba jioni akayakamulia ile nyama ngumu, na watoto wakala bila kung'ang'ana. Jentrix alikua akijua tunda gani linafaa nyama gani, jinsi watoto wengine walivyokua wakijua njia ya mtoni.

Siku ya koito alifika jua likiwa bado halijaupita mstari wa mikaratusi. Alivua viatu, akafunga leso kichwani, na kabla ya kugusa kisu alizipitia nyama zote kwa vidole, kipande kwa kipande, akizibonyeza kama daktari anayetafuta panapouma. Rodah alisimama kando na jagi la maji mkononi, akasahau alikokuwa akilipeleka. Alikuwa amepika maisha yake yote, lakini hakuwahi kumwona mtu akiisikiliza nyama.

Mbavu za mbuzi ziliingia kwenye maji ya matunda damu, mekundu, makali, yaliyotiwa kitunguu saumu na tangawizi. Kuku walilowekwa kwenye maji ya machungwa na karakara, mbegu zikiwa zimechujwa kwa kitambaa. Mananasi, yaliyotoka Roret na kunukia boma zima, Jentrix aliyamenya, akayaponda, akayakamua kwenye ndoo, kisha akaifunika ndoo na kuiweka mbali.

Kiplangat alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Nyama yetu si samaki, binti wa Oketch. Haitaki ndimu. Inataka chumvi na mtu mvumilivu."

"Mzee, samaki niliwaacha Sondu," Jentrix alimjibu bila kuinua macho. "Hapa nimekuta ng'ombe wenu, na huyu amevumilia kuliko sisi sote."

Hata wanawake waliokuwa wakimenya viazi walicheka. Kiplangat aliguna akaenda zake. Alipokuwa ameshatoweka, Rodah alimwona Jentrix akichagua mbavu nne nzuri za mbuzi, akazipaka chumvi pekee na kuzitenga kwenye sahani ya peke yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kisha akauliza jambo moja tu: wageni watakaa kula saa ngapi? Rodah akamwambia saa sita, maana walikuwa wameahidi kufika saa tano. Jentrix alimwomba awe na hakika. Chungwa huibembeleza nyama, alimweleza, hata ikilala ndani yake haidhuriki sana. Nanasi huila. Kwa ng'ombe mzee kama huyu saa moja inatosha kumlainisha. Zikipita mbili, mtu anabaki na uji.

"Nina hakika," alisema Rodah.

Saa tano kamili vipande vya ng'ombe vikaingia kwenye maji ya nanasi.

Saa sita ilipita wageni hawajaonekana, Rodah akamwomba Jentrix angoje kidogo, na saa saba kasorobo simu ililia. Alikuwa Kiplimo, bwana harusi mtarajiwa, akiongea kwa sauti ya mtu aliyezungukwa na kelele. Alisema samahani, Mama, bado tuko kituo cha majani ya chai. Lori la kiwanda halijafika. Wazee wote wamekwama.

Rodah alijishika kiuno. Wiki ile lori lilikuwa limeharibika siku ya Jumanne, na zamu za kuchukua majani zikasogezwa mbele siku moja moja. Zamu ya Ijumaa, ya kina Kiplimo, ikaangukia Jumamosi, siku yenyewe ya koito. Alizisikia habari hizo. Mkulima yeyote wa chai angeelewa mara moja maana yake: watu wamechuma asubuhi, magunia yamejaa, na jani likishachumwa halingoji. Likikaa ndani ya gunia linapata joto, linageuka jekundu, karani analikataa. Hakuna sherehe duniani ya kumfanya mtu aache majani yake kabla ya kupimwa. Lakini Rodah, kwa ajili ya maandalizi, hakuwa amegusa mchai wiki nzima, na alipoacha kuchuma, hesabu ya siku ilimtoka kichwani kabisa. Akawawaza wakwe zake wamesimama kwenye foleni ya mizani, wamevaa suti.

Alimwendea Jentrix akamwambia ukweli wote bila kuupunguza. Wageni hawatafika kabla ya saa nane, na kosa ni lake.

Jentrix hakumlaumu. Alitumbukiza mkono kwenye ndoo, akatoa kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Ukingo wake uliteleza na kuacha utando wa kijivu kidoleni.

Kiplangat alikuwa ameshasikia. Safari hii hakuja kwa dhihaka. Alikuja na simu mkononi, na upole wake ndio uliomtisha Rodah.

"Mama Joan, si aibu. Sema neno moja tu, nimpigie mchinjaji wa pale senta, alete paja la fahali, tulichome kwa chumvi. Watakuta chakula."

Watakuta chakula, na kitakuwa chake. Rodah aliliona hilo wazi. Alimtazama Jentrix, ambaye alikuwa ameinama juu ya ndoo na kukunja uso, si kwa hofu, bali kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Inaokoka?" Rodah alimuuliza.

"Nyingi yake. Si yote."

"Basi asante, shemeji. Tutaendelea na hii."

Kuanzia hapo Rodah hakumwacha mchomaji wake hata dakika moja. Wasichana walitaka kuleta maji wasuuze nyama, Jentrix akawazuia. Maji hayasaidii, alisema, nanasi limeshaingia ndani, na kitu pekee cha kulinyamazisha ni moto. Akapuliza makaa ya mti wa muwati mpaka yakawa meupe, akapangusa kila kipande kwa kitambaa safi, akavitupa vile vinene juu ya wavu. Vilipiga kelele. Moshi mtamu ulipanda, mtamu kweli, na majirani wawili wakachungulia juu ya ua. Aligeuza upesi, bila kuvitoboa kwa koleo, akihesabu kwa midomo. Upande wa pili ulipoiva vizuri akavisogeza pembeni kwenye joto dogo, akavifunika kwa sufuria kubwa.

Yale maji ya nanasi hakuyamwaga. Aliyabandika kwenye jiko jingine pamoja na pilipili na chumvi, yakachemka, yakapungua, yakawa mazito kama asali. Rodah alishtuka, akamuuliza kama hayataila nyama tena. Jentrix akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nanasi likichemka, alisema, meno yote yanang'oka. Linabaki na utamu tu. Akafunga mashina ya vitunguu majani yakawa brashi, akaanza kupaka.

Vile vipande vyembamba ndivyo havikuokoka. Vilipowekwa juu ya wavu vililegea, vingine vikapenya na kudondokea makaani. Rodah aliviokota vilivyobaki akitaka kuwapa mbwa. Jentrix alimshika mkono. Akavikatakata kwa kisu kizito, akachanganya dhania, kitunguu na pilipili hoho, akafinyanga viduara vidogo na kuviivisha juu ya bati lililopakwa mafuta, taratibu, akivigeuza kwa ncha za vidole vyake vilivyozoea moto. Rodah alivitazama vidole hivyo akasahau saa. Mwanamke huyu hakuokoa chakula kwa bahati. Kila kilichoharibika alikuwa na jina lake na dawa yake.

Wageni waliwasili saa nane na robo, suti zao zikiwa na vumbi la magunia, kucha zao bado nyeusi kwa utomvu wa chai. Hawakuomba radhi sana, na hakuna aliyetaka waombe; kila mtu pale alijua mizani ni mizani. Wazee wakaingia ndani, wakanywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, wakayasema waliyokuja kuyasema, wakakubaliana. Kisha chakula kikatolewa.

Watu walikula kwa njaa. Halafu mjomba wa Kiplimo alikata kipande cha nyama ya ng'ombe kwa meno, akakitazama kilichobaki mkononi, akauliza huyu fahali alikuwa na umri gani. Mtu alimwambia ni ng'ombe jike aliyezaa tisa. Akafikiri anataniwa. Mbavu za mbuzi zilikwisha kabla ya kuku kufika meza ya pili. Kiplangat alikaa na mbavu zake nne za chumvi, zilizoletwa mbele yake, na alizila polepole, akiitazama sahani kana kwamba imemshinda hoja.

Mwisho wa meza alikaa nyanyake Kiplimo, ambaye kila mtu alimwita Kogo, mwanamke mwembamba asiye na jino hata moja. Walikuwa wamempa kikombe cha mursik na mchuzi. Rodah aliona macho yake yakizifuata sinia za nyama zikipita. Akarudi kwa Jentrix, akachukua viduara vile laini, akamwekea sahani nzima na kupiga goti kando yake.

Kogo alikibonyeza kimoja kwa ulimi, kikayeyuka. Akala cha pili. Akala cha tano. Mezani watu walianza kumtazama.

"Kwa sherehe mimi hupewa mchuzi," alisema hatimaye, na sauti yake, ingawa ndogo, ilifika kote. "Miaka mingi sasa. Ni nani kwenye boma hili aliyekumbuka kwamba na mimi hula nyama?"

Watu wote walimgeukia Rodah. Kiplangat naye aligeuka. Ilikuwa rahisi kuinamisha kichwa na kupokea sifa, na hakuna ambaye angemuumbua.

"Hakuna aliyekumbuka, Kogo," Rodah alisema. "Nilikosea saa. Nyama ikalainika kupita kiasi, nikataka kuitupa. Aliyeifanya chakula ni Jentrix, yule pale motoni."

Kogo alicheka, ufizi wote nje, mpaka akashika meza.

"Basi siku ya harusi ukosee tena. Hapahapa. Nitakuja bila kunywa chai asubuhi."

Wazee wa upande ule wakapiga makofi, na maneno ya Kogo yakawa maneno yao. Kiplangat alifuta vidole vyake kimoja kimoja. Alikuwa mtu mgumu, lakini sharti alilitoa yeye mwenyewe mbele ya ukoo, na ukoo ulikuwa umekaa pale ukimtazama. Alisimama, akakohoa.

"Harusi ni hapa," alisema. "Kwa Mama Joan."

Joan alikimbia kumkumbatia mama yake, lakini kando ya Kogo hakuwapo tena. Rodah alikuwa ameshafika kwenye pipa, na beseni, sabuni na jagi la maji ya vuguvugu. Alimkalisha Jentrix kwenye kigoda, mahali ambapo moshi haukufika, akamnawisha mikono, kwanza wa kulia kisha wa kushoto, taratibu, kama anavyonawishwa mkwe aliyetoka mbali. Kisha akamuuliza angependa aanze kula nini.