Mfuko Uliopiga Kengele

Jumanne saa nne na nusu asubuhi, fundi wa sensa alikuwa ameketi ndani ya gari jipya la rangi ya fedha kwenye yadi ya majaribio, akinywa chai na kutazama skrini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila gari linalotoka pale linaona. Bampa ya mbele ilikuwa na macho sita, kioo cha mbele kilikuwa na jicho moja kubwa, na yote saba yalipaswa kukubaliana ni kitu gani kiko mbele, kisha gari lishike breki lenyewe bila kumsumbua dereva.

Mama mkwe wake, aliyeishi na fundi na mkewe, hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Kwake yeye sensa ilikuwa ile ya kuhesabu watu.

"Sasa hayo macho yakishahesabu, majibu yanapeleka wapi?" aliuliza karibu kila Jumapili.

"Hayahesabu, mama. Yanatazama tu."

"Haya. Yakifika huku yaambie tuko watatu."

Asubuhi hiyo gari lilikuwa limekwisha kutambua sanamu ya mtoto, sanamu ya mzee mwenye mkongojo, mbwa wa mlinzi na mlinzi mwenyewe. Kila mara skrini iliandika ilichokiona na gari likasimama kwa adabu. Fundi akaliacha liendelee polepole kuelekea langoni. Hapo ndipo mkewe alipoingia kwa baiskeli.

Mke wa fundi alifanya kazi katika duka la miwani. Miwani iliyokuwa tayari aliipeleka yeye mwenyewe kwa wenyewe, kwenye kisanduku alichokifunga kwenye karia, na mji mzima ulimwita Mama Miwani. Siku hiyo alikuwa amemletea mhasibu wa kampuni miwani ya kusomea. Alipoona gari linamjia, alipiga kengele. Skrini ilisita kidogo, ikaandika: MFUKO WA PLASTIKI.

Gari halikusimama. Mpaka fundi anamwaga chai na kukanyaga breki kwa mguu wake, bampa ilikuwa imekwisha kukunja madigadi ya mbele ya baiskeli, na Mama Miwani ameketi kwenye lami, soksi imechanika, kisanduku amekikumbatia kifuani.

"Halikuniona?" aliuliza.

"Limekuona," alisema fundi, ambaye hakuwa hodari wa kudanganya. "Limekuona mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Wa plastiki."

Mama Miwani alijipangusa vumbi. "Na cheti cha kwamba gari hili linaona, nani anasaini?"

Fundi aliinama akaokota kengele iliyokuwa imeng'oka, akampa. Vyeti vyote alisaini yeye.

Kesho yake, kwenye kona ya benki, upepo ukambeba mkewe. Haukuwa upepo mkali. Ulikuwa ule wa kugeuza kurasa za gazeti. Ulimwinua yeye na baiskeli yake hadi ghorofa ya pili, ukamzungusha mara mbili, ukamnasisha kwenye bango la benki.

"Mama," mlinzi alimwita kutoka chini, "hapo juu ni pa wateja wakubwa. Tafadhali teremka."

"Nitateremka upepo ukitulia."

Mlinzi alileta kiti akakaa kumsubiri, maana zamu yake ilikuwa haijaisha. Saa tano upepo ulitulia na Mama Miwani akashuka ubavuubavu, akamshukuru mlinzi, akaendelea na safari. Mteja wake, mwalimu mstaafu, alimnunia kwa kuchelewa. Alipoelezwa sababu alisema mtu mwenye hali kama hiyo anatakiwa kuondoka nyumbani mapema.

Kufikia mwisho wa wiki, magari ya rangi ya fedha yalikuwa yamejaa mjini, na waendesha baiskeli walioandikwa mfuko kwenye skrini zao hawakuwa mmoja wala wawili. Muuza maziwa alikutwa amenasa kwenye uzio wa uwanja wa mpira pamoja na madumu yake. Mwalimu wa kemia alishinda kutwa nzima juu ya paa la ofisi ya walimu, akasahihisha madaftari, kwa kuwa alikuwa nayo begani. Wote walikuwa wepesi wakiwa juu ya baiskeli tu. Wakishuka na kuisukuma kwa mkono, uzito wao ulirudi wote, hata na ule ambao daktari alikuwa amewashauri waupunguze.

Jumatatu alikuja nyumbani afisa wa mazingira, mtu mpole mwenye faili. Alikaribishwa kiti, akafungua ukurasa.

"Mama, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Nimepata taarifa kwamba wewe unapeperuka hadharani."

"Mimi ni mtu," alisema Mama Miwani.

"Sikatai. Lakini magari kumi na moja yamekuandika mfuko, na mimi nafanya kazi kwa maandishi. Unatumika mara moja au mara nyingi?"

"Ana miaka arobaini na mbili huyu," mama mkwe aliingilia, "na kila siku anatumika."

Afisa aliandika: mara nyingi. Alisema hilo linasaidia sana, kwa sababu marufuku ni kwa ile ya mara moja. Alikunywa maji, akaaga, akaomba radhi kwa usumbufu.

Fundi alikuwa amekaa kando wakati wote huo akitazama vidole vyake. Asubuhi yake aliandika ripoti ya kurasa tatu kwamba magari hayatambui mtu aliye kwenye baiskeli. Aliipeleka kwa meneja mkononi.

"Shemeji anaendeleaje?" meneja aliuliza.

"Yuko juu."

"Mpe pole." Meneja alisoma ukurasa wa kwanza, akapima unene wa ile mingine kwa kidole gumba. "Sasa fundi, gari letu limewahi kugonga mtu?"

"Limemgonga mke wangu."

"Kwa mujibu wa gari, limegusa mfuko. Idadi ya watu waliogongwa bado ni sifuri. Sifuri, fundi! Unajua makao makuu wanaipendaje hiyo namba?"

"Basi mimi sisaini tena."

Meneja hakukasirika. Wiki hiyo hiyo kampuni ilichonga muhuri wenye saini ya fundi, na watu walisema kwenye muhuri ilisomeka vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye mkono wake. Fundi mwenyewe alihamishiwa kazi ya kupeleka magari kwa wanunuzi.

Ila ripoti haikupotea bure. Makao makuu yalituma makoti ya usalama ya rangi ya chungwa, kila koti limeshonewa kilo kumi na mbili za mchanga ndani ya bitana na nembo ya kampuni mgongoni, ili waendesha baiskeli wasipeperuke. Meneja alimvika muuza maziwa koti la kwanza mbele ya wapiga picha. Muuza maziwa alipiga pedali mara nne, akashuka, akaomba asukumwe.

Mama Miwani alilijaribu lake sebuleni. Alisimama nalo, mabega yamemshuka.

"Kwa hiyo wao wabaki na macho yao vilevile," alisema, "sisi tubebe mchanga."

Alilivua. Tangu hapo aliamua kuwa na adabu na upepo, yaani kuusoma kabla ya kutoka. Akajua kona ipi inainua, ukuta upi unazuia, na namna ya kukunja magoti ili kuruka barabara kuu bila kugusa nyaya za umeme. Miwani ya ghorofa ya tatu alianza kuipitisha dirishani, na wateja wakazoea kuacha madirisha wazi.

Asubuhi moja fundi alikuwa akipeleka gari kwa mnunuzi. Kwenye makutano ya sokoni alimwona mkewe pembeni ya barabara, mguu mmoja chini, akisubiri nafasi ya kuvuka. Magari ya fedha yalimpita moja baada ya jingine bila kupunguza mwendo. Fundi alitazama skrini. MFUKO WA PLASTIKI. Akatazama nje tena, akaona soksi ile iliyoshonwa, akakanyaga breki mpaka chini.

Gari lilipiga kelele. Nyuma yake honi zililia. Fundi aliteremsha kioo.

"Pita!" alisema.

Mama Miwani alimtazama. Alivuka polepole, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye lami, akapita mbele ya bampa akiigonga kidogo kwa kiganja. "Utachelewa kazini," alimwambia. Kwenye njia ya pili hakuna aliyesimama. Basi akasubiri upepo, ukaja, akapita juu yao.

Gari lilipeleka habari ofisini lenyewe: dereva amesimama bila sababu. Fundi alipewa fomu ya kujieleza. Ilikuwa na visanduku vinne: mtu, mnyama, gari lingine, dereva kusinzia. Aliweka alama kwenye mtu, kompyuta ikaikataa. Akaichapa fomu kwenye karatasi, akaandika pembeni kwa kalamu: Mke wangu, akiwa kwenye baiskeli.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Fundi aliwasomea wakati wa chakula cha jioni: "Maelezo yako yamepokelewa kwa shukrani. Madereva wanakumbushwa kutosimama kwa ajili ya mifuko."

"Wameandika kwa heshima," alisema mama mkwe.

Fundi alikunja karatasi mara nne. Mkewe alikuwa amepindua baiskeli ukutani na kuutia mnyororo mafuta.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Nilishakusamehe pale sokoni. Upepo wa kesho umeutazama?"

Alikuwa ameutazama. "Wa wastani. Unatoka mashariki, mpaka saa tatu."

"Wa mashariki unanifikisha hospitali na miwani ya wauguzi moja kwa moja," alisema Mama Miwani, akazungusha pedali kusikiliza mnyororo. "Niamshe saa kumi na mbili."